Nyanya Katika Pipa la Mchanga

Kwa miaka mingi ukuta wa sebule yangu, hapa Kitaji, Musoma, ulikuwa na karatasi yenye matundu. Ilichorwa mtu asiye na uso, na kifua chake chote kilikuwa kimechakazwa. Niliibandika kando ya picha ya kipaimara ya binti yetu wa kwanza, mahali ambapo mgeni akikaa lazima aione. Mgeni akiuliza, nilimjibu kama mtu asiyependa kujisifu: "Ah, hiyo ni shabaha yangu ya mtihani wa kazini." Mgeni asipouliza, nilimhamishia kiti.

Mke wangu hajawahi kushika bunduki, lakini siku ya kwanza tu alisimama mbele ya ile karatasi akaiangalia.

"Hii si bunduki ile ya kutawanya vichembe?"

"Ndiyo. Marisawa."

"Basi hata mimi nikimwaga mtama nimefumba macho, kuku hawakosi."

Nilimwambia mambo ya silaha hayajui. Nasema hivi leo ili ifahamike mapema kwamba katika nyumba yetu aliyeyajua mambo ya silaha alikuwa yeye.

Nilizaliwa Mugeta, kwenye mahindi na ng'ombe, nikasoma hadi kidato cha nne. Kazi ya ulinzi nilianzia Bunda, kwenye ghala la pamba, nikiwa na rungu na filimbi. Baadaye nilipewa mafunzo, nikapewa bunduki, nikahamishiwa Musoma, kwenye ghala la mfanyabiashara mmoja njia ya kwenda Makoko. Tangu hapo nikajiona mtu mwingine. Mlinzi wa rungu huinua na kushusha bomba la getini siku nzima, na madereva humpigia honi. Mlinzi wa bunduki hapigiwi honi. Ninakiri kwamba sehemu kubwa ya mapenzi yangu kwa kazi hii ilikuwa hiyo honi nisiyopigiwa.

Mara moja kwa mwaka kampuni ilitupeleka uwanja wa shabaha, nje kidogo ya Butiama, chini ya kilima cha mawe. Mkufunzi alikuwa sajini mstaafu, mtu mfupi mwenye sauti ndogo, na sikuwahi kumsikia akifoka. Kulenga alitupa dakika kumi. Muda wote uliobaki alitufundisha kitu ambacho mimi nilikiona cha kitoto, yaani kuondoa risasi.

Bunduki zetu zilikuwa za pampu. Chini ya mtutu kuna bomba linalobeba risasi tano, na kuna kishikio cha mbele. Ukikivuta nyuma na kukirudisha, risasi inatoka kwenye bomba na kuingia chemba, tayari kufyatuliwa. Lindoni tulikaa na risasi tano kwenye bomba, chemba ikiwa tupu. Sasa, kuziondoa kuna hesabu yake. Ukivuta mara ya kwanza hakitoki kitu, kwa sababu risasi ya kwanza ndiyo kwanza inaingia chemba. Ukivuta mara ya pili, hiyo inaruka nje na nyingine inakaa mahali pake. Kwa hiyo risasi tano huondolewa kwa kuvuta mara sita. Aliyevuta mara tano ameacha moja ndani, na yeye mwenyewe anaamini bunduki ni tupu.

"Halafu tia kidole," mkufunzi alikuwa akisema. "Macho yenu nayajua, wazee wangu. Gazeti mnalisomea mbali kama mnaogopa litawauma. Tia kidole ndani ya chemba, pekua. Ndipo ufunge, uelekeze mtutu kwenye pipa la mchanga, ufyatue kulegeza springi."

Wenzangu walirudia zoezi hilo mara kumi, kumi na tano. Mimi nilirudia mara mbili, nikaenda kukaa kwenye kivuli cha jiwe na karatasi yangu ya matundu nimeikunja vizuri mfukoni. Kidole sikukitia. Mafuta ya bunduki hayatoki upesi, na mimi nilikuwa na andazi.

Sasa nieleze habari ya pipa.

Kila lindo lenye silaha lilikuwa na pipa lililokatwa nusu, likajazwa mchanga. Kazi yake ni hiyo moja: wakati wa kukabidhiana bunduki, mtutu uelekezwe humo, ili kama kuna kosa, kosa liishie mchangani. Pipa letu lilisimama nyuma ya kibanda cha walinzi, jua likilipiga kutwa, na kwa miaka yote niliyokuwa pale halikupokea risasi hata moja. Mtu wa Mugeta ukimwonyesha udongo unaokaa bure, mikono inamwasha. Mwanzoni nilichomeka vitunguu viwili tu. Havikufanya vizuri, kwa kuwa mchanga wa ziwani hauna nguvu. Nikaleta samadi kwenye mfuko wa saruji, nikachanganya. Baada ya samadi nikaona ni dhambi kupanda vitunguu viwili, nikapanda nyanya, miche sita, nikaisimamishia vijiti.

Zilikubali. Zilikubali kuliko za shambani kwangu. Msimamizi wetu kutoka ofisini alipokuja kukagua lindo, alisimama mbele ya pipa akasema, "Mzee, wewe unapenda mazingira." Nikasema ndiyo, mkuu. Hakuna kati yetu sisi wawili aliyekumbuka pipa lile ni la nini.

Lakini bunduki ilitakiwa ielekezwe mahali. Kuuelekeza mtutu kwenye nyanya zangu sikuweza. Najua haileti maana, kwa sababu bunduki nilikuwa naamini ni tupu; ila hata bunduki tupu sikutaka izitazame nyanya zangu. Nikaanza kuielekeza pembeni, kwenye kona ya kibanda, palipokuwa na benchi. Nilifanya hivyo siku nyingi kiasi kwamba ikawa ndiyo taratibu.

Aliyekuwa akinipokea lindo asubuhi alikuwa mwanamke wa umri wa binti yangu wa pili, mtu wa kwao Tarime, mama wa watoto wawili. Elimu yake ilikuwa darasa la saba. Alikuwa amekaa kwenye bomba la getini miaka miwili akipigiwa honi, akaomba mafunzo ya silaha mwenyewe, akafaulu, na wakati huo alikuwa na miezi minne tu tangu apewe bunduki. Aliniita tata, kama tunavyowaita baba zetu huku kwetu. Kila asubuhi alipopokea bunduki yangu alivuta, akatia kidole, akatoa, akatia tena.

"Mwanangu, unatafuta nini humo?" nilimuuliza siku moja. "Nimeshakuambia ni tupu."

"Nakuamini tata. Nahakikishaga tu."

"Huyo sajini amewatia woga."

"Bora anitie woga mimi, asije akawatia wanangu uyatima." Akacheka, akajifuta kidole kwenye kitambaa alichokuwa akitembea nacho kwa kazi hiyo. Nilimwona mshamba.

Asubuhi yenyewe ilikuwa ya kawaida. Alifika kabla ya saa kumi na mbili kamili, akatua mfuko wake kwenye benchi, akakaa kando yake kufunga kamba za buti. Ndani ya mfuko mlikuwa na hotipoti ya chakula cha mchana. Mimi nilisimama hatua nne kutoka kwake na bunduki mkononi, nikaanza kuondoa risasi huku nikizungumza. Nilikuwa nazungumza habari za nyanya. Moja ilikuwa imeiva usiku ule, ya kwanza ya msimu.

"Nenda kaione," nikamwambia. "Chuma, ni yako."

"Kweli tata? Siku zote unazihesabuga kama ng'ombe wa mahari!"

Akainuka, akazunguka nyuma ya kibanda. Mimi nikavuta mara ya tano. Kwenye meza ya dirishani palikuwa na risasi nne. Nikazitazama bila kuzihesabu, nikatazama chemba kwa macho haya yanayosukuma gazeti mbali, nikaona giza, na giza nikaliita utupu. Nikafunga, nikaelekeza kwenye benchi, nikafyatua.

Mlio wenyewe siukumbuki. Nakumbuka ugali. Ulikuwa umeenea ukutani, na dagaa wamenasa juu yake, na benchi limebaki na miguu mitatu. Mahali alipokuwa amekaa palikuwa na tundu ninaloweza kuingiza mkono. Kisha nikamwona ametokea kwenye kona ya kibanda, nyanya mkononi, akiniangalia. Alinisogelea, akanitoa bunduki mikononi taratibu kama anavyonyang'anywa kisu mtoto, akaivuta, ganda la risasi likaruka, akatia kidole.

Kwa siku tatu zilizofuata nilijaribu kujiambia kwamba nyanya zangu ndizo zilizomwokoa. Hata mke wangu nilimwambia hivyo. Aliniuliza: kama pasingekuwa na nyanya, je, risasi si ingeishia mchangani? Nikatoka nje kukagua kuku.

Lakini kosa la bunduki silo baya kuliko yote niliyoyafanya asubuhi ile. Lililo baya zaidi nililifanya kwa kalamu.

Kila tukio lindoni lazima liandikwe kwenye kitabu cha matukio na kusainiwa na waliokuwapo. Mwandiko wangu ulitoka mzuri. Nilifundishwa kuandika na walimu waliokuwa hawana mchezo. Niliandika hivi: "Silaha imejifyatua yenyewe wakati wa makabidhiano baina ya walinzi wawili." Nikaisoma tena. Niliipenda. Sentensi ile haikuwa na mtu. Bunduki ilijifyatua, na kama kulikuwa na lawama, ilikuwa ya makabidhiano, na makabidhiano ni ya watu wawili. Elimu yangu yote ya sekondari ilifanya kazi siku hiyo, labda kwa mara ya kwanza.

"Umeandika vizuri, tata?" aliniuliza. Alikuwa anakwangua ugali ukutani kwa kipande cha ubao.

"Nimeandika vizuri."

Akasaini bila kusoma. Nilimwona akisaini.

Ofisi ikatunyang'anya silaha sote wawili. Baada ya siku chache msimamizi akaniita pembeni, akasema kwa upole, kama mtu anayenipa habari njema: "Wewe mzee wetu una rekodi nzuri. Huyu binti ndiye mgeni. Mtaenda wote Butiama mkapimwe upya, lakini yeye nadhani tutamwachisha. Kwenye makabidhiano anayepokea ndiye anatakiwa awe macho zaidi." Niliitikia kwa kichwa. Ningeweza kusema pale pale. Niliitikia kwa kichwa, na kutoka hapo nilikwenda sokoni kununua sato, nikala vizuri.

Siku ya kwenda Butiama tulipanda nyuma ya gari la kampuni, yeye na mimi. Alikuwa amebeba kile kitambaa chake cha kujifutia, amekifua. Njia nzima alikuwa akichezesha mikono hewani, anavuta kishikio kisichokuwepo, anahesabu kwa midomo.

"Tata, wakinifukuza hapa sirudi tena getini," alisema. "Hata getini hawatanirudisha. Nimeshaulizaga."

"Hawatakufukuza."

"Umejuaje?"

Nikatazama mawe ya barabarani. Naye akaendelea kuhesabu.

Mkufunzi tulimkuta amekaa juu ya kreti la soda. Hakutuonyesha karatasi ya shabaha hata moja. Mkononi alikuwa na kitambaa cheusi na risasi tano za bandia, za kufundishia. Msimamizi alisimama kando na fomu zake.

"Leo hatupigi," mkufunzi alisema. "Leo tunaondoa tu, macho yamefungwa. Mzee aanze. Binti, nenda kwenye gari, geuka huko."

Akanifunga kitambaa, akanipa bunduki mkononi, mtutu ukielekea kilimani. Nilikuwa nimejiandaa kwa hesabu. Usiku kucha nilikuwa nimejihesabia. Nikavuta kwa sauti, kama mtoto wa chekechea mbele ya wazazi: "Moja! Mbili! Tatu! Nne! Tano! Sita!" Nikafunga, nikafyatua. Ikalia ta. Nikasema, "Silaha salama, Afande!"

"Fungua kitambaa."

Mkufunzi akaichukua bunduki, akafungua chemba, akapitisha fimbo ya kusafishia kwenye mtutu kutoka mbele, akasukuma. Risasi moja ya bandia ikaanguka juu ya buti langu. Alikuwa ameikwangua ukingo kwa tupa, kusudi chuma cha kuvuta kisiweze kuishika. Ungeivuta hata mara mia, ingebaki mle mle.

"Hesabu yako nzuri," akasema. "Kidole kiko wapi?"

Nikaangalia kidole changu. Kilikuwa safi kabisa.

"Macho, Afande," nikaanza, "siku hizi macho yangu..."

"Macho nilikufunga mimi."

Kisha akamwita yule binti, akamfunga kitambaa. Alivuta mara sita polepole, bila kuhesabu kwa sauti. Akatia kidole. Akasimama. Akatia tena, uso ukiwa umeinuka kama anasikiliza.

"Afande," akasema, "kuna mgeni humu ndani."

Mkufunzi alicheka, na katika miaka yote ile hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona akicheka. Msimamizi naye alitabasamu, lakini akafunua fomu. "Leo amefaulu, sawa," akasema. "Ila siku ile je? Kitabu kinasema wakati wa makabidhiano, na yeye amesaini." Akabofya kalamu, akaiweka juu ya mstari wa binti.

Yule mwanamke alikuwa ameshafungua kitambaa. Alimtazama msimamizi, akanitazama mimi. Nadhani hapo ndipo alipojua nilichoandika. Alikuwa anajifuta kidole, na aliendelea kukifuta kikiwa kimeshakauka.

Ningependa kusema nilitoka mbele kwa ujasiri. Nilitoka mbele kwa sababu msimamizi alikuwa ameanza kuandika.

"Makabidhiano hayakuwapo, mkuu," nikasema. "Yalikuwa hayajaanza."

"Yaani?"

"Bunduki ilikuwa yangu, mikononi mwangu. Yeye alikuwa nyuma ya kibanda, nilimtuma akachume nyanya. Nilivuta mara tano. Kidole sikutia. Sijawahi kutia."

"Na pipa? Si ungeelekeza kwenye pipa?"

"Kwenye pipa ndimo zilimo nyanya, mkuu."

Msimamizi aliinua kalamu kwenye fomu. Bila shaka alikumbuka alivyoisifu miche ile. Mkufunzi aliinuka kwenye kreti, akatembea hadi kwenye jiwe lile nililozoea kukaa kivulini, akasimama huko ametupa mgongo. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Mpaka leo sijui kama alikuwa anacheka.

Fomu ya yule binti ilichanwa, ikaandikwa nyingine. Yangu haikuhitaji kuchanwa.

Sasa mimi niko kwenye bomba la getini, na madereva wananipigia honi. Honi kali kuliko zote ni ya lori moja la saruji. Dereva wake alikuwa akinisalimu kwa kuvua kofia. Lindo la bunduki ni la yule mwanamke, asubuhi hadi jioni. Miche niliing'oa mwenyewe siku ya pili yake, samadi nikaimwaga, mchanga mpya nikaufuata Makoko kwa baiskeli, mifuko minne, mchana kweupe, majirani wakiniuliza ninajenga nini. Karatasi ya matundu niliitoa ukutani. Mke wangu ameifunikia unga.

Jioni, kabla yule mwanamke hajakabidhi bunduki kwa mlinzi wa usiku, ananiita.

"Tata! Njoo utie kidole."

Hiyo ameianzisha yeye. Haimo kwenye kanuni yoyote. Anavuta mara sita, anatia kidole chake, halafu ananishikia bunduki nitie changu. Mara ya kwanza nilidhani ananidhihaki, na huenda kweli alikuwa ananidhihaki. Nilitia. Ndani ya chemba kuna baridi na mafuta, na ukingo mdogo wa chuma. Napekua polepole.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama."

"Pekua tena."

Napekua tena. Anaelekeza pipani, anafyatua, inalia ta. Nyumbani mke wangu analalamika kwamba ugali unanuka bunduki.

Kitabu cha matukio bado naandika mimi, kwa sababu ya mwandiko. Naandika kwa ufupi siku hizi, na kila sentensi naiwekea mtu. Ila yule mwanamke hasaini tena papo hapo. Anakivuta kitabu kwake, anaweka kidole kile kile chenye mafuta chini ya neno la kwanza, anasoma kwa sauti ya chini, neno baada ya neno, mpaka mwisho wa mstari. Kurasa zote zimejaa alama zake nyeusi. Lori linaweza kupiga honi getini mpaka lichoke. Nasimama pale na kofia mkononi, ninamsubiri amalize.